Mkono wa Mama wa Dutumi

Mtu akiingia chumbani kwangu kutafuta ushauri nasaha, kabla sijamuuliza lolote linalomsumbua, namshika kifundo cha mkono, naitazama saa na kuhesabu mapigo dakika nzima. Wenzangu kituoni hapa Kibaha wananitania kwamba nimejigeuza muuguzi. Waache wacheke. Tabia hiyo najivunia, na aliyenipa ni mama mmoja mkulima wa Dutumi.

Aliletwa na mwanawe mkubwa, wiki chache baada ya kutoka edani. Alikuwa amekonda, halali, mikono inamtetemeka. Mkobani alikuwa na kofia aliyokuwa akimshonea marehemu mumewe, sindano bado imechomekwa, na hata kuitunga uzi hakuweza tena. Mwanawe, anayeishi Dar, alikuwa ameshaamua: mvua za vuli zikianza mama hajapata nafuu, atamhamishia kwake, na shamba alime mtu mwingine.

“Mimi nyumba yangu siihami,” mama aliniambia tulipobaki wawili. “Nisaidie, mwanangu.”

Tatizo lake nililiona wazi kabisa, au ndivyo nilivyojidanganya. Kwetu Kisarawe, nilikokulia, mjane akikonda tunasema ni mawazo, na hakuna anayeuliza zaidi. Chuoni nako nilifundishwa jinsi huzuni inavyoutesa mwili, na elimu hiyo niliringa nayo. Basi kila wiki alikuja, tukazungumza.

Wiki ya sita alinisimulia jinsi mumewe alivyochukia bamia, na jinsi alivyozila miaka yote bila kusema kwa kuwa aliyezipika ni mkewe. Alicheka mpaka akafuta machozi. Huzuni ilikuwa inampungua, niliiona kwa macho yangu. Lakini gauni lilizidi kumpwaya, na jambo hilo lilinikera. Kama ni huzuni inayomkondesha, mbona yenyewe inapungua na yeye bado anakonda?

Ilikuwa asubuhi ya kipupwe, mimi nimevaa sweta. Akaniomba niwashe feni. Nikamshika mkono, nikakuta una joto na umelowa jasho. Nikahesabu mapigo. Nilipita mia moja na ishirini dakika haijaisha, na mama wa watu alikuwa ametulia kwenye kiti nusu saa nzima. Nikafunga mlango, nikamtaka radhi, nikamwomba alegeze mtandio. Chini ya koo palikuwa pamevimba. Wiki zote hizo nilikuwa nimeona haya kumwambia mtu wa umri wa mama yangu afunue hata shingo. Nilijiona mjinga, tena mjinga mwenye cheti ukutani.

Nilimpeleka mwenyewe kwa daktari. Vipimo vya damu vilionyesha kwamba tezi ya shingoni inafanya kazi kupita kiasi. Hiyo ndiyo iliyokuwa ikiupeleka moyo mbio, ikimnyima usingizi na kummaliza mwili. Akaanzishiwa dawa.

“Mama, nimekuchelewesha,” nilimwambia.

“Kidogo,” akasema. “Lakini kama usingekuwa unanisikiliza habari za mume wangu, wiki ya pili nisingerudi hapa.”

Nimeyaweka maneno hayo. Tuliendelea kukutana, maana huzuni nayo ilikuwa ya kweli, na dawa ya tezi haimrudishi mume.

Vuli ilipokaribia, mwanawe alikuja naye, amevaa shati la kazini. Nilimwamkia mama, akaitikia, akaketi. Mashavu yalikuwa yamerudi. Kijana hakupoteza muda.

“Dada, nataka tuzungumze habari ya mama kuhamia kwangu.”

“Subiri kwanza,” mama akasema. “Kifungo chako kinaning’inia. Sogea hapa.”

Akatoa sindano mkobani, akaielekeza kwenye mwanga wa dirisha, akatunga uzi. Mara moja tu. Akaanza kushona shati likiwa mwilini, na lile jitu zima likasimama kidevu juu, halipumui vizuri kwa kuogopa kuchomwa. Mkono wa mama ulikwenda na kurudi, umetulia. Nilijaa fahari mpaka nikatamani kuwaita wenzangu wote waje waone.

Alipomaliza akakata uzi kwa meno, akampapasa mwanawe kifuani.

“Haya, sasa sema,” akamwambia. “Ulikuwa unataka nihamie wapi?”