Koki Chini ya Tangi

Tangu mkono wa kuume wa mama ukatae kazi, alikuwa na ombi moja tu: aoge mwenyewe. Kuogeshwa na mtoto wa kiume aliyemzaa hakutaka hata kusikia. Mke wangu, ambaye angemsaidia, anafanya kazi Kakuma na huja Lodwar wikendi. Siku nyingine zote mama alijipangusa kwa kitambaa. Alinuka jasho, na alijua ananuka, na hilo ndilo lililoniuma.

Nikasema basi, kisima ni chetu, kimechimbwa kwa mashine hapa hapa uani, nitamwekea shawa. Atakaa kwenye kiti cha plastiki, afungue kwa mkono mmoja, maji yamshukie. Shawa ikawekwa. Maji yakadondoka kama pua ya mtoto mwenye mafua.

Mimi subira sina. Nilipandisha tangi kwenye mnara wa chuma, kwa kuwa kila mtu aliniambia presha ni urefu. Wapi! Nikang'oa mabomba membamba yaliyozibwa na chumvi ya maji yetu, nikatandaza mapana. Hali ile ile. Mwisho nikamwita fundi kutoka Kakuma, Mkongomani anayesifiwa na mke wangu, aje na pampu ya presha.

Mama alimsalimu mlangoni kwa Kiturkana, "Ejok," akamkalisha kivulini. Fundi alipojaribu shawa, kabla hata hajaifungua pampu kutoka kwenye boksi, maji yalimrukia kifuani.

"Patron, hii maji iko na nguvu mingi. Pampu ni ya nini?"

Mgeni njoo, mwenyeji apone. Kwa aibu nikamwambia aiweke tu. Akaiweka, akaondoka, na kesho yake shawa ikarudia kudondoka. Nilimpigia simu nikafoka. Aliporudi, maji yaliruka tena.

"Labda hii nyumba inakuchukia weye," akanitania. Sikucheka.

Alfajiri iliyofuata nilisikia fimbo ya mama ikigonga changarawe, nikatoka kumfuata. Alikuwa ameinama chini ya mnara, mkono wake mzima ukizungusha koki ya bomba linaloteremka kutoka tangini, koki ambayo mimi mwenyewe nilikuwa nimeisahau. Aliikaza mpaka karibu ifunge. Siku za fundi alikuwa akiifungua yote, maana mgeni haonyeshwi uhaba wa maji.

"Unakikimbiza kisima," aliniambia kwa Kiturkana, bila kushtuka. "Kisima huachwa kipumue."

Nilipandisha sauti. Nilimwambia hili si shimo la mchangani, ni bomba la chuma lililozamishwa kwenye mwamba. Nilimwambia mtu anayetaka kuoga hajifungii maji mwenyewe. Aliniacha nimalize, kisha akakaa chini.

Nilikuwa najua tu kwamba dada yangu alifia kisimani kabla mimi sijajua kusema. Nyumbani halikuzungumzwa zaidi ya hapo. Sasa mama akanieleza. Ulikuwa ukame, mto umekauka, na kisima walichokichimba kwenye mchanga wake kimekwenda chini sana. Dada alikuwa mwembamba, ndiye aliyeteremshwa kuchota. Maji ya kisima kile hujitokeza polepole na mchotaji huyangoja. Lakini juu kulikuwa na watu wamepanga foleni na mbuzi wanalia, wakampigia kelele aharakishe, achimbe zaidi.

"Hata mimi nilimpigia kelele," mama alisema. "Wewe ulikuwa mgongoni, unalia kiu."

Kuta za mchanga zikaporomoka.

Niliona uchungu ambao sikujua niupeleke wapi. Koki niliiacha vile alivyoikaza, na pampu nikaifunika gunia. Siku hiyo alikubali nimwogeshe, mradi nitazame ukutani.

Ndivyo tunavyofanya hadi leo. Ninakinga ndoo ijae taratibu, kisha nammwagia kikombe kwa kikombe, uso wangu ukutani. Miezi hii akili yake nayo imeanza kumtoka. Nikimwaga polepole hutulia. Nikijisahau nikaharakisha, hushtuka, hunikamata kwa mkono wake mzima, huniita kwa jina la dada.

"Inatosha, mwanangu," ananiambia. "Maji yametosha. Panda utoke."