Treni Iliyokataa Kona

Hakuna aliyemtuma Cheche kuunda treni, lakini mkewe, fundi cherehani, hakuthubutu kumkataza. Tangu kiharusi kimlegeze mkono mmoja, mchomelea vyuma huyu alikuwa mtu wa kulala akiutazama ukuta. Treni ndiyo iliyomtoa kitandani. Isipokwenda, mkewe alijua, atarudi kulekule, na safari hii hata kwa winchi hatoki.

Basi mama wa watu akamwacha, uani kukajaa vyuma. Vyuma bapa viwili vikawa reli iliyokata kona uani. Treni yenyewe ilikuwa ubao wa kukalia juu ya magurudumu manne, na chini yake betri ya gari. Betri inailisha mota, mota inazungusha mnyororo wa baiskeli, mnyororo unazungusha ekseli, ule mtaimbo unaoyaunganisha magurudumu. Ukigeuza kitufe, inaondoka bila moshi. Mara ya kwanza kuiona ikijiendea, fundi cherehani alibaki mdomo wazi. Vile vilikuwa vipande vya mageti ya watu, na sasa vinatembea.

Ila kwenye kona treni iligoma. Ilisaga, ikalia, ikaipanda reli na kulala ubavu. Cheche akaongeza ukingo wa magurudumu, ikaanguka. Akapanua njia, ikaanguka. Mwishowe akavua glavu, akasema vyuma vyote wapewe wauza chakavu, akaingia ndani kulala.

Fundi cherehani akarudi kwenye mashine yake, lakini akili haikuwa kwenye kazi. Akaipiga meza kumbo, nyuzi zikaanguka. Uzi wa kibiringo, ule wenye unene sawa juu na chini, ukanyoosha moja kwa moja hadi mlangoni. Uzi wa koni, ule mnene chini na mwembamba juu, ukazunguka duara ukarudi miguuni pake. Ndiyo tabia yake, na siku zote aliuokota tu akaendelea kushona. Leo aliutazama, akaubingirisha tena.

Akaenda nao chumbani.

"Baba watoto, magurudumu yako ni kama kibiringo. Yanajua kwenda mbele tu."

Akaubingirisha ule wa koni sakafuni. Cheche akauona ukikata kona bila usukani wala mshikaji. Akamwomba mkewe arudie, naye akarudia mpaka magoti yakamuuma.

"Upande mnene unakwenda mbali zaidi," Cheche akasema taratibu. "Na kwenye kona, gurudumu la nje ndilo lenye njia ndefu." Akakaa kitako.

Mkereza vyuma wa mtaa wa pili akayakereza magurudumu upya, kila moja likawa nene upande wa ndani na jembamba kidogo upande wa nje. Cheche akampakia mkewe mbele, magoti yakimgusa kidevu, akageuza kitufe. Kona ilipokaribia, mama wa watu akafumba macho. Akausikia ubao ukisogea nje kidogo tu, gurudumu la nje likikanyaga kwa unene wake, la ndani kwa wembamba wake, na treni ikakunja yenyewe, kimya, kama inayoijua njia. Alipofumbua macho walikuwa upande wa pili wa ua. Miaka yote hiyo ajabu hii ilikuwa ikizunguka chini ya meza yake.

Cheche hakungoja pongezi. Alimwambia ashuke, anataka kuunda behewa, akaenda kutafuta miwani ya kuchomelea huku akinung'unika kwamba nani kaificha.

Mkewe akaingia chumbani, akatandika kitanda, mchana kweupe, kwa mara ya kwanza tangu mumewe augue bila hofu kwamba atarudi kukilalia.