Mawe ya shamba langu yalijenga mji, mimi nikabaki na shimo

Wakuu, hamjambo. Mzee mwenzenu nimechoka, lakini hili nalisema kama lilivyokuwa, bila kuongeza chumvi.

Mwanzoni mwa miaka ya sabini tulinunua shamba la mzungu kwa shares, sisi wa kikundi, upande wa Ainabkoi. Plot ziligawanywa kwa kura: unaingiza mkono kwenye kofia, unatoa namba.

Mimi nikatoa ekari tano, tatu kati yake mwamba. Watu walinipa pole mpaka nikazichukia hizo pole.

Hata hivyo nilikuwa na wana watatu, na hiyo ndiyo ardhi ya kuwaachia.

Basi akaja contractor kutoka Eldoret. Mji ulikuwa unapanuka, maduka na madarasa yanataka mawe. Akasema atachimba, atanilipa kwa kila lori, na akimaliza atarudisha udongo. Hatukuandika popote.

Mkulima ni mkulima, wakuu. Kwangu jiwe lilikuwa adui wa jembe. Niliona mtu ananisafishia shamba na bado ananilipa. Wafanyakazi wake niliwapelekea mursik, yale maziwa yetu ya kugandisha, mimi mwenyewe.

Mke wangu aliwatazama siku chache, akasema, "Baba Kiprono, hawa hawatoi mawe. Wanabeba shamba."

Nikamwambia mambo ya quarry hayajui. Najuta mpaka leo.

Udongo wa juu waliulundika kando, mvua ikaupeleka wote mtoni. Mimi nikaishia kuajiriwa palepale, napasua mawe ya shamba langu. Yalipoisha, contractor akahama na lori zake. Likabaki shimo limejaa maji.

Sikatai, yale mawe yalisaidia nchi. Watoto wengi wamesomea ndani ya kuta hizo, na wataalamu wanaita hiyo growth. Sawa.

Miaka ikaenda, siku ya kugawia vijana ikafika. Nikasimama na kamba ya kupimia mkononi: ekari mbili, wana watatu.

Yule kitinda mimba, aliyekuwa amepanga chumba mjini, mtaa wa Huruma, akaniambia polepole, "Mzee, hiyo shimo niandikie mimi. Hawa wengine wako na watoto."

Nikamwandikia. Sikuwa na kingine cha kumpa.

Somo langu ni dogo: kabla hujauza kilicho chini, uliza watoto watasimama wapi.

Mlio na quarry au mgodi kwenu, kuna yeyote aliyerudishiwa udongo wake? Semeni, nasoma zote.