Basant Aliyoiimba Nihaal Singh

Nihaal Singh ni mwimbaji wa gurudwara, hekalu la Masikh la mji wetu, nami Shaukat naimba katika dargah, kaburi la walii lililo jirani yake. Kinachotutenganisha ni ukuta tu. Babu zangu, Waislamu kama mimi, waliimba tenzi za Masikh kabla nchi haijakatwa vipande viwili. Kwa hiyo kila mwaka siku ya Basant, sikukuu ya machipuko, haradali ikishatia njano mashamba yote ya Punjab, mimi na Nihaal tulikaa jamvi moja. Yeye alianza na utenzi wa kumsifu Mungu avishaye miti majani mapya. Mimi nilijibu kwa utenzi wa kisufi, wa bibi harusi amngojaye mpenzi huku wenzake wamekwisha kuvaa njano. Raga, yaani mpangilio wa sauti, ni moja, nayo pia huitwa Basant. Huanzia juu kabisa, ndipo ishuke taratibu.

"Shaukat, leo umemeza nyigu?" alinitania kila nilipokwama huko juu.

"Wewe meza asali, tukuone."

Tabla, zile ngoma mbili ndogo, alipiga Lakhbir, mwana wa pekee wa Nihaal. Vidole vyake vilikuwa vinasema. Kisha unga ukaingia mtaani, na Lakhbir akawa teja. Akaanza kusinzia katikati ya utenzi. Baba yake alimpeleka hospitali, akamwombea, akampiga. Mama yake, Tej Kaur, alimfichia chapati chini ya kitambaa, maana akirudi alirudi na njaa.

Jioni moja majira ya machipuko yakikaribia, Nihaal alimsukuma nje.

"Usikanyage hapa mpaka uache!"

"Baba Lakhbir, baridi hiyo," Tej Kaur alisihi.

"Baridi itamfundisha."

Kijana alicheka kidogo. "Sawa, baba." Komeo likapigwa.

Asubuhi mkulima mmoja alimkuta katika kibanda cha pampu, sindano ingali mkononi. Nilikuwa miongoni mwa waliombeba. Tulipita katikati ya haradali, na tulipofika pa kumchomea maiti, kama ilivyo desturi ya Masikh, suruali zetu zilikuwa njano mpaka magotini kwa chavua.

Kesho yake ilikuwa Basant. Nilijua haitaimbwa. Mara Nihaal huyo mlangoni kwangu, macho mekundu, kilemba cha njano kichwani.

"Beba kinanda, hiyo harmoniamu yako."

"Kaka, majivu hayajapoa."

"Nyumbani kuko kimya, Shaukat. Siwezi kukaa mle. Beba."

Tukaenda. Nafasi ya tabla ilikuwa tupu. Nihaal alifumba macho, akapanda mpaka ile sauti ya juu, akasimama pale bila kutetemeka. Sijapata kumsikia akiimba vile. Watu walilia. Zamu yangu ilipofika nilishindwa kuanza, akaniimbia na ule utenzi wangu wa bibi harusi.

"Hiyo ndiyo imani," wazee walinong'onezana. "Ameipokea amri ya Mungu kwa wimbo."

Nilimsindikiza kwake, nimebeba sahani ya wali mtamu wa zafarani tuliogawiwa. Tej Kaur alikuwa ameketi sakafuni, mgongo ukutani.

"Umemaliza?" alimwuliza mumewe.

"Nimemaliza."

"Sauti yako ilifika mpaka hapa. Mwanangu uligoma kumfungulia mlango, halafu ukaenda kuyaimbia maua." Akanigeukia. "Shemeji, ondoa wali huo. Simlaumu kwa kulia wala kwa kutolia. Namlaumu kwa komeo."

Nihaal alivua kilemba, akakishika mapajani kama mtu aliyepewa mtoto wa mwenziwe amshikie. Nami nikatoka na sahani yangu.

Wiki ile ile kaka yake Tej Kaur alikuja kumchukua, wakaenda kwao Barnala. Hapakuwa na kelele. Alibeba nguo zake na shati moja la Lakhbir.

Mtaani bado wanaisimulia Basant ile, wanamwita Nihaal mtakatifu. Yeye akiwasikia huondoka. Siku za kawaida anaimba gurudwarani, lakini machipuko yakifika anasema kifua kinambana, na mimi huimba peke yangu.

Kila mwezi Nihaal hupanda basi kwenda Barnala. Shemeji yake humkaribisha vizuri, wakaongea mambo ya ngano na mvua. Chai hutoka jikoni, Tej Kaur hatoki. Jioni Nihaal hurudi, akapita dargah, akakaa karibu yangu.

"Vipi?" namwuliza.

"Bado."

Huu ni mwaka wa nne.