Kabati la Mkwe Wangu Nililipeleka Malishoni

Kosa ni langu. Nimechoka kujiambia ni la mchwa, nimechoka kujiambia ni la rafiki yangu. Wewe unayesoma hunijui, na afadhali iwe hivyo, maana hapa Tarime wanaonijua nimeshawaambia uongo wa kutosha.

Mimi ni mwalimu. Nilichaguliwa kwenda masomoni miaka miwili, mbali, na nyumba ya shule ikatakiwa apewe mwalimu mwingine. Mke wangu na mtoto wangekaa kwa mama yangu, kijijini Itiryo. Taabu ikawa vyombo vya nyumba: meza, viti vinne, kitanda cha mbao na kabati. Nyumba ya mama ni ya msonge, mlango wake hata mimi naingia nimeinama. Kabati lingepita wapi?

Kabati hilo alilitengeneza baba mkwe, seremala wa misheni, akampa binti yake alipokuja kwangu. Hakutengeneza jingine. Haukupita muda tukamzika. Kuna asubuhi nilimwona mke wangu akilifungua, akisimama kidogo, akalifunga bila kuchukua kitu.

Mjini alikuwapo mwenye duka mmoja aliyekuwa na ghala la bati, sakafu ya saruji. Makarani waliohamishwa walikuwa wakiweka vyombo vyao humo kwa malipo kidogo ya kila mwezi. Mke wangu akaniomba.

"Baba Mwita, hivyo vingine vigawe unavyotaka. Kabati tulilipie."

"Nimlipe mtu baki alinde mbao, na mimi nina rika langu? Watu watasema nimekosa ndugu."

Kiburi hicho! Sisi Wakurya hatuweki ng'ombe wote zizi moja. Wachache unampa rafiki wa mbali akutunzie. Yeye anakunywa maziwa, wewe ng'ombe ni wako, na ugonjwa ukiingia kwako, wale wa kwake wamepona. Malipo hakuna. Ukitaja malipo umemtukana. Nikaona kama ng'ombe wanatunzwa hivyo, mbao ni nini?

Nikalipeleka Kemambo kwa Marwa, tuliyetahiriwa naye siku moja. Mke wangu alilisindikiza gari la ng'ombe mpaka barabarani, akarudi kimya. Kunyamaza kwake nikakuita kukubali.

Masomo yalipokwisha nilikwenda Kemambo kabla hata ya kufungua sanduku langu. Marwa alinipokea vizuri mno. Akachinja kuku, tukala tukashiba. Kisha akaingia ndani, akatoka na mlango mmoja wa kabati. Alikuwa ameufuta vumbi. Akaniwekea mikononi.

"Mura, ndugu yangu, ngozi yake ndiyo hii."

Sikumwelewa mara moja. Kwetu ng'ombe wa kutunzwa akifa, mtunzaji humpelekea mwenyewe ngozi, ajue hakuuzwa wala kufichwa. Ukiipokea ngozi, maneno yamekwisha.

"Maziwa yake tumekunywa, sikufichi," Marwa akasema. "Nilipooa mke wa pili nafasi ikawa ndogo, tukalitoa nje, pembeni ya nyumba. Mvua ikalinyeshea, halafu mchwa wakaingia. Ulipona mlango huu tu."

Ningemlaumu kwa lipi? Alifanya yote kama baba zetu walivyotufundisha. Aliyekosa ni mimi niliyempa mbao azichunge. Ng'ombe akifa huenda ameacha ndama. Kabati halizai, jamani. Nikamshukuru, nikaubeba ule mlango begani.

Majirani niliwaambia nyumba ya Marwa iliungua. Mama mkwe pia nilimwambia hivyo, na mzee wa watu akanipa pole. Mke wangu sikuweza kumdanganya. Aliupokea mlango, akapitisha kidole ukingoni, pale baba yake alipopiga randa, akausimamisha ukutani, akaenda kuchochea moto. Hakunigombeza. Ningeshukuru angenigombeza.

Tangu hapo tunaishi vizuri, ukitutazama kwa nje. Tunaongea habari za chumvi, za kuni, za homa ya mtoto. Juzi Mwita alimuuliza mama yake babu alikuwa anatengeneza vitu gani. Mama yake hakuinua macho kutoka kwenye mboga alizokuwa akichambua.

"Muulize baba yako," akamwambia.

Nikamweleza, nikionyesha kwa mikono: kabati refu hivi, pana hivi. Mtoto alisikiliza kidogo akakimbilia nje kucheza. Sikumlaumu.

Basi, ndugu yangu unayehamishwa, rafiki mpe ng'ombe. Kile ambacho mkeo anakipenda kilipie ghala, waache wanaocheka wacheke. Tena mkeo akikuomba jambo kwa upole, mara moja tu, msikilize mara hiyo hiyo. Wangu hajaniomba kitu tena.