Shokapu Ambazo Sikuzilegeza

Shokapu za gari langu zina kitufe juu, cha kuzungusha. Kila ukikizungusha kinalia tik. Ukienda kulia, gari linakuwa gumu na kushika kona. Ukienda kushoto, linalainika na kumeza mashimo. Fundi aliyenifungia aliniambia siku ile ile, "Kaka, ugumu huu ni wa mashindano. Ukitoka pale, rudisha." Nikamjibu nimesikia. Kusikia nilisikia.

Kila Jumamosi mimi na wenzangu wanne tulishindana kwenye uwanja wa changarawe nje ya Genkuru, tairi chakavu zikituonyesha kona. Ilinichukua miezi kupata kipimo changu: mbele tik kumi, nyuma kumi na mbili. Vitufe vya nyuma vimejificha chini ya zulia la buti, na mimi ni mvivu, tena mpenda sifa. Sikurudisha.

Kila Jumatatu gari hilo hilo lilimchukua mama mkwe kijijini kwake Susuni kumpeleka hospitali mjini Tarime, kwenye mazoezi ya mgongo. Daktari alishasema wazi: akiyakatisha, hatatembea. Kwetu Wakurya mama mkwe haangaliwi usoni wala hasemeshwi ovyo. Alikaa nyuma na mke wangu, kajifunika khanga hadi kichwani. Mimi macho barabarani, hata kioo cha ndani nimekigeuza juu. Barabara ile ni mawimbi matupu, na kila wimbi lilipanda moja kwa moja hadi kwenye kiti. Hakuguna hata mara moja. Nikajisifu moyoni kwamba gari langu limetulia. Kimya kingi kina mshindo mkuu, lakini nani anakumbuka methali akiwa ameshika usukani?

Baada ya safari ya nne alisema amepona, haendi tena. Tulifurahi, mke wangu akachinja kuku.

Hakuwa amepona. Mwaka huu, aliposhindwa kabisa kusimama, ndipo mke wangu aliponiambia.

"Mle garini mama alikuwa ananibana mkono mpaka nabaki na alama za kucha. Akanikataza nisiseme. Alisema mkwe haambiwi kwamba gari lake linaumiza."

Nilimkasirikia mke wangu kwa dakika moja, halafu hasira ikanirudia mwenyewe. Kuzilegeza shokapu ilikuwa kazi ya dakika tano, na zulia la buti halina hata skrubu. Naumia nikikumbuka.

Jumapili iliyopita tulikwenda kumsalimia. Nilisimama nje ya mlango, kama inavyopasa, nikatoa shikamoo yangu. Yeye kitandani akamnong'oneza mke wangu, naye akatoka kunifikishia.

"Anasema Mungu akubariki kwa kumbeba. Anasema si wakwe wote wana moyo huo."

Nilitaka kuomba msamaha. Lakini ningeombaje bila kuutaja mgongo wake? Na mkwe hautaji mwili wa mama mkwe, hata kwa kutubu.

"Mwambie ahsante," nikasema.