Mama Mkwe Hatemi Mezani

Siku yangu ya kwanza kazini nilirudishwa nyumbani kabla hata sijaonyeshwa pa kuweka mkoba. Kosa langu lilikuwa mafuta ya nywele. Nilijua naanza kazi kwenye kiwanda cha mvinyo hapa Dodoma, nikajipaka yale ya mgando yenye harufu ya waridi, nipendeze. Mkuu wa Maabara, mzee mrefu ambaye sikuwahi kumwona akicheka, alisimama mlangoni, akavuta pumzi mara moja tu, akaniuliza, "Binti, umekuja kuonja au umekuja kuolewa?" Hakungoja jibu. "Nenda kaoge. Leo humu ndani hatutanusa zabibu, tutakunusa wewe."

Nililia njia nzima hadi Majengo. Nilimchukia mzee yule mpaka kesho yake. Siku hizi kila nikiona watu wanavyoingia kwenye vyumba vya kuonjea mvinyo, namkumbuka na hasira zinanipanda upya, ila safari hii si hasira za kwake. Ni za kwenu.

Yeye ndiye aliyenifundisha kwamba kuonja si kunywa, na nitalisema hilo hadi nazikwa. Unashika glasi kwenye mguu wake, si tumboni, maana joto la kiganja linaharibu mvinyo. Unatazama rangi. Unaizungusha kidogo ili harufu iamke, unanusa, kisha unatia funda dogo mdomoni na kulipeleka hadi nyuma ya ulimi. Hapo utausikia uchachu, ule unaotoa mate, na ukakasi, ule unaokausha fizi, ambao hutoka kwenye maganda na mbegu za zabibu. Halafu unainamia ndoo, unatema. Ndiyo, unatema! Anayepita tangi moja baada ya jingine akimeza tu, tangi la mwisho ataliita tamu hata kama limekuwa siki.

Toka maabara nilipelekwa kupokea zabibu upande wa Chamwino, chini ya Msimamizi wa Mapokezi. Huyo alikuwa mama mkali aliyepima sukari ya kila kreti kwa kifaa chake kidogo cha kuchungulia, lakini hakugusa zabibu ya mtu kabla hajamwamkia mwenyewe na kumuuliza habari za nyumbani. Baadaye nikarudishwa kiwandani, nikafanywa Msimamizi wa Uonjaji. Mimi ndiye niliyekuwa nikipokea wageni kwenye chumba cha kuonjea, kilichopakana na ghala la mapipa.

Basi serikali ikahamia Dodoma, wageni wakawa wengi, na akaja Meneja Masoko, kijana mwenye maneno matamu na viatu vya ncha. Ndiye aliyeanzisha kadi za zawadi: unamlipia mtu, anakuja siku yake, anaonjeshwa. Wazo zuri, sibishi. Lakini jamani, watu! Wanakuja wamejimwagia marashi, unayasikia tangu getini. Wanatafuna bazoka. Mwingine namwonjesha, ananisukumia glasi: "Mama, jaza, bosi kalipia." Nijaze nini? Hapa ni baa? Mwingine mwenzake hajanusa, yeye keshatangaza, "Huu mchungu!" Sasa mwenzake ataonja nini tena zaidi ya huo uchungu aliotangaziwa?

Na watoaji zawadi nao ndio kabisa. Kijana mmoja alimleta mjomba wake kutoka Kondoa, Mwislamu wa swala tano, mtu mzima na kofia yake. Mzee kafika ndani, glasi ziko mezani, ndipo anaambiwa zawadi yake ni mvinyo. Nilitamani ardhi ipasuke. Nilimpeleka mzee nje, nikamtafutia soda, kisha nikarudi kumpa yule mpwa wake vidonge vyake. Nilimuuliza, huyo mjomba unamjua au ulimwokota njiani?

Lakini lililonikaa rohoni ni la Erasto.

Erasto alikuwa kijana wa wizarani, amezaliwa na kukulia Dar es Salaam, amechumbia binti wa Kigogo wa Kibakwe. Mahari imepokelewa, harusi imekaribia. Akataka kumfurahisha mama mkwe wake, mjane ambaye alikuwa hajawahi kuonja mvinyo maishani. Moyo safi kabisa. Akanunua kadi ya meza moja, yeye na mama mkwe uso kwa uso, na Meneja akaahidi kuwarekodi video ya matangazo.

Sasa kwetu Wagogo tulioshika mila, mwanaume hali wala hanywi mbele ya mama mkwe wake, na mama mkwe vilevile. Wakiwa na la kuambiana, wanatumia mtu wa katikati. Hiyo ni heshima, wala si uadui. Halafu mimi ndiye nisimame pale nimwambie mama wa watu atie funda mdomoni na kulitema mbele ya mkwewe, simu ikimmulika!

Alifika amevaa khanga mpya. Alipomwona Erasto amekwisha kaa mezani, akajifunika uso na kugeukia ukuta.

"Mbukwenyi, mama," nikamwamkia kwa Kigogo.

"Mbukwa," akaitikia kwa sauti ndogo. "Mwanangu, naomba mnirudishe stendi. Mtu anayenivua nguo hivi mbele za watu, nitampaje binti yangu?"

Nilijua mama akipanda basi na maneno hayo, harusi haipo tena.

Meneja hana habari. Kashika simu, anatabasamu. "Karibu mama, hapa hatung'ati! Sogea huku kwenye mwanga."

"Zima hiyo simu," nikamwambia.

"Mama Upendo, unaniharibia. Mteja amelipia meza moja."

"Amelipia zawadi, na zawadi ni ya huyu mama. Si ya kwako, wala si ya video yako. Zima!"

Erasto akasimama. "Nimekosea nini? Nilitaka afurahi tu."

"Kaa hapohapo," nikamwambia. "Kwetu mkwe hali wala hanywi mbele ya mama mkwe wake. Usitufuate wala usichungulie."

Nikamchukua mama hadi ghalani, upande wa pili wa ukuta, nikamwekea kiti katikati ya mapipa, glasi zake, mkate mkavu wa kusafishia ulimi, na ndoo yake mwenyewe. Alipotaka kutema, niligeuka nikampa mgongo. Mvinyo mweupe aliunusa, akaomba aunuse tena. Mwekundu ulimkunja uso. "Huu unakausha mdomo kama ubuyu," akasema, na mimi nikamwambia huo ndio ukakasi wenyewe, ameupata sawasawa.

Kisha akaniambia, "Mwambie mkwe wangu ule mweupe nimeupenda."

Mkwe wangu! Nikatoa kichwa mlangoni. "Erasto, mama anasema mweupe ameupenda." Ukuta ule haukufika darini, kila neno alikuwa amekwisha lisikia. Lakini alisubiri alisikie kwangu.

"Mwambie mama naomba radhi," akajibu.

"Anaomba radhi, mama."

"Mwambie siku nyingine aulize kwanza."

Waliooana wakaoana, na mama alicheza ngoma mpaka khanga ikamdondoka. Mimi je? Meneja aliandika kwamba nimeharibu tukio la mteja. Mteja mwenyewe hakuulizwa. Nikahamishiwa duka la kuuzia chupa kule Chamwino, mimi na pua yangu yote hii, nikakaa nafuta vumbi kwenye rafu hadi kustaafu. Sijamsamehe, na msiniambie nimsamehe.

Siku ya kuniaga nilipewa keki na kadi ya zawadi ya kuonja mvinyo, meza ya watu wawili. Mimi! Ni sawa na kumzawadia mwalimu chaki. Niliitupa kabatini kwa hasira.

Nimestaafu, nina nafasi ya kufikiri, na ninachofikiri ni hiki. Vijana, mkitaka kumpa mtu zawadi ya namna hii, muulizeni kama anakunywa, na muulizeni anaweza kukaa na nani. Mtafutieni usafiri wa kumrudisha. Baada ya hapo mwacheni aonje kwa ulimi wake. Kama mnataka picha, pigeni picha za harusi zenu.

Mwezi uliopita niliitoa ile kadi, nikampigia simu mama wa Kibakwe. Akafurahi. Erasto ndiye aliyetuendesha. Tulipofika, msichana wa mapokezi, kucha ndefu, simu mkononi, alitupokea kwa "Mambo, karibuni," akatupeleka sisi wawili ghalani na Erasto akamwacha upande wa pili wa ukuta, mara tu aliposikia ni mkwe, bila hata kuambiwa.

"Hiki ni Kifurushi cha Wakwe," akatueleza huku akimimina. "Kinapendwa sana. Ni ubunifu wa Meneja wetu, aliuleta yeye mwenyewe."

Nilikuwa nimeshatia funda la mwekundu mdomoni. Nikainamia ndoo, nikalitema lote kabla halijafika nyuma ya ulimi. Machozi ya hasira yakaanza kunilenga.

Mama wa Kibakwe akaniwekea mkono gotini. Akapaza sauti, lakini macho yake yalikuwa kwangu. "Mama Upendo, mwambie mkwe wangu amweleze huyu binti ni nani aliyetuketisha hivi mara ya kwanza."

Hata sikuhitaji kupeleka ujumbe. Sauti ya Erasto ikaja juu ya ukuta, ya upole kabisa: "Dada, ni huyo mama unayemmiminia. Mimi na mke wangu tuna watoto leo kwa sababu yake. Huyo Meneja wako alikuwa ameshika simu."

Msichana akaitua chupa. Akanitazama usoni, kisha akapiga goti kidogo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu," nikamjibu. "Sasa nenda kaoge, unanukia marashi."